Mbuzi Sidai na Droo ya Herufi

Kengele ya jioni ilipolia, watoto wengine wa Gredi ya Sita walikimbilia uwanjani kucheza kati, mchezo wa kukwepa mpira. Cindy Aketch alikimbilia wino.

Alitupia mkoba begani, akasubiri mlinzi wa shule amvushe barabara ya Namanga, kisha akafuata njia ya vumbi mpaka pale ambapo nyumba za kupanga za Kitengela huishia na uwanda huanza. Hapo palisimama jengo la mabati lililowahi kuwa ghala la nyasi kavu. Siku hizi halikunuka nyasi tena. Lilinuka mafuta ya taa, wino na chuma.

"Umekuja, nyathina?" baba yake aliita kutoka ndani bila kugeuka. Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na Ojwang hakumwita binti yake hivyo isipokuwa akiwa na furaha. Tangu alipoipata mashine ile, alimwita hivyo kila jioni.

Ilikuwa mashine nyeusi, nzito, yenye gurudumu kubwa ubavuni na pedali ya kukanyaga kwa mguu. Haikutaka umeme wala kompyuta. Ukiilisha karatasi kwa mkono, ilifunga taya zake polepole, ikaguna, ikakurudishia karatasi ile ikiwa na maneno yaliyozama kidogo, hata kipofu angeweza kuyapapasa.

Ojwang alikuwa mchapaji kwa miaka mingi katika kiwanda kimoja huko Nairobi. Siku moja wenye kiwanda waliwakusanya wafanyakazi wakawaambia kwamba dunia imebadilika. Ilikuwa imebadilika kweli, lakini ajabu ni kwamba iliwabadilikia wafanyakazi peke yao. Wenye kiwanda walirudi nyumbani kwa magari yaleyale. Mashine zilizochapa vitabu ambavyo watoto wengi walijifunzia kusoma zilikokotwa nje, zikawekwa kwenye mizani kama viazi, zikauzwa kwa watu wa vyuma kuukuu. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna gazeti lililoandika. Ojwang aliondoka na aproni yake mkononi, na jambo lile hakulisahau hata kwa siku moja.

"Waliziuza kwa kilo!" alikuwa akisema, huku akisugua kutu. "Kwa kilo, Aketch! Kama kwamba neno lina uzito wa nyanya."

Alizunguka yadi za vyuma kuukuu mpaka akaipata mashine moja iliyokuwa bado haijayeyushwa, pamoja na droo chache za herufi. Angeweza kuiweka nyumbani na kuifungia kwa kufuli. Hakutaka. "Mashine ikiwa ya mtu mmoja, siku moja huyo mmoja ataiuza kwa kilo," alisema. "Hii itakuwa ya wengi. Anayetaka kuchapa aje achape."

Ndivyo ilivyozaliwa karakana ya pamoja. Wa kwanza kujiunga alikuwa Lemein, kijana wa Kimaasai kutoka Kisaju mwenye mikono ya ajabu, aliyechonga picha kwenye vibao vya mbao. Wa pili alikuwa nyanya yake, Zipporah, ambaye watoto wote walimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Koko Zipporah aliongoza kikundi cha akina mama wanaotunga shanga, nao walitaka kuchapa kadi zenye jina la kikundi chao ili wasiendelee kuuza kazi yao chini ya majina ya watu wengine. Mjukuu wake wa kike, Resian, alikuwa rafiki wa Cindy na walikaa dawati moja shuleni.

Kazi ya Cindy ilikuwa kuosha herufi baada ya kuchapa na kuzirudisha mahali pake. Kila herufi ilikuwa kijiti kidogo cha chuma laini, na sura yake ilikuwa imegeuka nyuma-mbele kama sura kwenye kioo. Ubavuni ilikuwa na mfereji mdogo, ambao kidole kikiupapasa hujua upande wa juu ni upi. Na kila droo ilikuwa na vijumba vingi: kijumba kikubwa cha *a*, kwa sababu Kiswahili hula *a* kama vile watu hula ugali, na kijumba kidogo pembeni cha herufi zisizotumika sana.

Ojwang hakuwa mkali, ila kwa mambo matatu. Chuma kile kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hivyo hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni. Herufi iliyotumika ioshwe irudi kwake jioni ileile. Na droo hubebwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule.

"Hata wewe, Baba?" Cindy aliwahi kuuliza. "Si uko na nguvu?"

"Hata mimi. Droo haiangalii nguvu. Ikilala upande mmoja, imekwisha."

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi ya wiki hiyo karakana ingefunguliwa rasmi, na mbele ya majirani wote wangechapa bango la kwanza. Ojwang alikuwa amemwahidi binti yake jambo ambalo Cindy aliliota akiwa macho darasani: mstari wa kwanza wa bango hilo angeupanga yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

"Nenda ukawashe jiko upashe maji, uoshe zile nilizochapia leo," Ojwang alisema akivua aproni. "Mimi nafika kwa fundi wa kuchomelea. Pedali inalia."

Cindy alibaki peke yake. Stima ilikuwa imepotea tangu mchana, na kona ya rafu ya droo ilikuwa na giza. Karatasi yenye maneno ya bango ilikuwa mezani, karibu na mlango, mahali penye mwanga. Cindy aliisoma. Akaitazama rafu. Akafikiri jinsi baba yake angeingia akute mstari wa kwanza umekwisha kupangwa, umenyooka, hakuna herufi iliyolala. Angepiga makofi! Angewaambia watu wote!

Resian alikuwa hajafika. Cindy alitoka nje, akaangalia njiani, hakuona mtu. Akarudi.

"Ni hatua chache tu," alijiambia.

Aliivuta droo. Ilitoka vizuri nusu ya kwanza. Nusu ya pili ikaja ghafla, na uzito wote ukaruka upande wa kushoto. Kona ya shaba ikampiga kwenye muundi wa mguu, akapiga yowe, mikono ikaachia.

Kelele ya droo ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kisha kimya. Herufi zote, kubwa na ndogo, nukta na mikato, zilikuwa zimetapakaa sakafuni, nyingine zimeingia chini ya mashine.

Cindy alisimama akishika mguu. Hakulia. Aliogopa mno hata kulia. Na katika kimya kile akasikia kitu kikitembea: kwato ndogo, tak, tak, tak. Mbuzi mmoja mweupe mwenye masikio ya kahawia alikuwa ameingia kwa mlango ulioachwa wazi. Alizipita herufi kwa uangalifu wa mgeni anayevuka zulia la watu, akafika mezani, akanyoosha shingo, akaanza kula maneno ya bango.

Alikuwa Sidai. Kwa Kimaasai jina hilo lina maana ya mzuri. Resian alimlea kwa chupa wakati wa kiangazi kikali, mama yake mbuzi huyo alipokufa, na tangu hapo Sidai alijiona kuwa mtu. Kila jioni kundi la mbuzi wa Koko lilipopita nyuma ya karakana kwenda kwenye birika la maji, Sidai alichepuka kuja kusalimia.

Ndipo kivuli cha Ojwang kikaziba mlango.

Alitazama sakafu. Alitazama droo iliyopinduka. Alimtazama mbuzi, ambaye alikuwa bado anatafuna na kipande cha karatasi kinaning'inia mdomoni.

"Mbuzi!" Ojwang alinguruma. "Huyu mbuzi ndiye ameangusha droo?"

Swali lile lilifika likiwa na jibu lake ndani, kama chakula kilichokwisha pakuliwa. Cindy hakuhitaji kubuni kitu. Alihitaji kufungua mdomo tu.

"Ndiyo, Baba," alisema.

Ojwang alipiga magoti, akaokota herufi moja, akaipuliza vumbi. "Herufi hizi hazitengenezwi tena," alisema polepole. "Walioziyeyusha nyingine walizimaliza. Hizi ndizo zilizobaki." Wakazizoa pamoja, wakazitia kwenye ndoo zikiwa zimechanganyika. Ojwang alijaribu kutabasamu. "Sasa tuko na githeri, nyathina, mahindi na maharagwe chungu kimoja."

Cindy alipenda sana neno nyathina. Jioni ile lilimchoma kuliko muundi wake.

Kesho yake Cindy alivaa soksi ndefu. Alipofika karakana baada ya shule, alikuta gari la punda limeshusha miti ya uzio. Lemein alikuwa amesimama mbele ya miti hiyo na mikono kiunoni.

"Mzee Ojwang, hii miti ni ya nini?"

"Ni ya kuzuia mbuzi. Nitapiga uzio huku nyuma, kutoka kona mpaka kona."

"Huku nyuma ndiyo njia ya maji."

"Watazunguka."

"Watazunguka wapi? Kule kuna ukuta wa ploti, kule kuna nyaya za yule tajiri anayefuga kuku." Lemein alicheka, lakini si kwa furaha. "Na mbuzi wetu anavuta droo tangu lini? Ako na mikono?"

"Nilimkuta ndani, Lemein! Karatasi iko mdomoni! Unataka ushahidi gani?"

Koko Zipporah alikuwa amekuja nyuma ya kundi lake na fimbo yake nyembamba. Hakupaza sauti. Aliitazama miti ile kwa muda mrefu, na kila aliyemwona alijua haoni miti hiyo peke yake. Koko alizaliwa wakati mtu angeweza kutoka Kisaju mpaka mtoni bila kuinama chini ya waya hata mmoja, na pundamilia walilala karibu na mbuzi. Kisha uzio mmoja ukaja, wenye sababu nzuri. Ukaja wa pili, nao wenye sababu nzuri. Hakuna uzio uliowahi kuja Kitengela bila sababu nzuri. Walioziweka walikwisha sahau sababu zenyewe, lakini nyaya zilibaki.

"Baba Cindy," alisema hatimaye, "sisi tuliingia hapa kwa sababu ulituambia ni mahali pa watu wote. Uzio sitaki. Ikiwa mbuzi wangu amekuharibia, desturi yetu iko: aliyekosa huleta mnyama, watu wanakula pamoja, maneno yanaisha. Jumamosi ya sherehe tutamleta huyohuyo. Mtamchinja, tutakula, na hii miti utaitafutia kazi nyingine."

Ojwang alikuna kichwa. Hasira yake ilikuwa imeanza kupoa, na aibu kidogo ikaingia mahali pake. "Sawa, Mama. Yaishe hivyo."

Watu wazima walishikana mikono. Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, isipokuwa Resian, aliyekuwa amesimama kando na mkono wake shingoni mwa Sidai. Alimtazama Cindy, kwa kuwa Cindy ndiye aliyekuwa ndani siku ile, na macho yake yakauliza swali. Cindy akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Siku iliyofuata darasani Resian alihamisha mkoba wake, akauweka katikati ya dawati kama ukuta.

"Resian, niko na mandazi," Cindy alinong'ona wakati wa mapumziko.

"Kula wewe."

"Si uchukue moja tu?"

"Nikichukua, Sidai hatachinjwa?" Resian aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Huyo mbuzi anakula karatasi, hiyo najua. Alikula hata ripoti yangu ya muhula. Lakini hajawahi kuangusha kitu. Akiingia nyumbani kwetu, hapigi hata kikombe. Wewe ulikuwa hapo, Cindy. Uliona akivuta?"

Mwalimu aliingia, na Cindy akashukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru. Jioni mama yake aliporudi kutoka kazini Nairobi, alimpikia omena na ugali, chakula ambacho Cindy hupigania hata makoko ya sufuria. Cindy alikigusagusa tu. Mama yake alimpima joto kwa kiganja. "Mwili hauna shida," alisema, "basi ni moyo. Moyo mimi siwezi kuupima. Utasema ukiwa tayari."

Ijumaa alasiri uwanja wa karakana ulikuwa umechangamka. Akina mama wa shanga walifagia, wengine walileta sukari na maziwa kwa ajili ya chai ya kesho. Lemein alikuwa akinoa patasi zake mlangoni bila kuzungumza na mtu. Na kwenye mti mmoja wa uzio, uliolala chini pamoja na wenzake, alikuwa amefungwa Sidai kwa kamba mpya. Hakujua kamba ile ilikuwa ya nini. Aliramba mkono wa kila aliyepita. Resian alikaa juu ya miti akiwa amemgeuzia kisogo, kwa kuwa hakuweza kumtazama, wala kumwacha.

Cindy alisimama mlangoni na kitambaa cha kuoshea herufi mkononi. Kama angenyamaza mpaka kesho jioni, mambo yote yangekwisha. Uzio usingekuwapo. Baba yake angefurahi. Mstari wa kwanza wa bango angeupanga yeye. Ni mbuzi mmoja tu, naye hakujua kusema.

Hapo ndipo alipokiweka chini kile kitambaa. Sidai hakujua kusema. Wa kusema alikuwa yeye.

"Baba," aliita. Sauti ikatoka ndogo. Akaita tena, kwa nguvu iliyowashtua hata akina mama: "Baba! Mbuzi hakuangusha droo. Ni mimi!"

Ufagio ulisimama. Ojwang alitoka ndani akifuta mikono.

"Nyathina, naelewa unamhurumia. Hata mimi namhurumia. Lakini usijitwike..."

"Sijitwiki! Niliibeba peke yangu. Nilitaka kupanga mstari kabla hujarudi. Sidai aliingia baadaye, herufi zikiwa tayari chini. Aliziruka, hakukanyaga hata moja."

"Aketch..."

Cindy aliona hakuaminika. Jinsi ilivyo rahisi kuaminiwa ukisema uongo wa neno moja, na ilivyo vigumu ukisema kweli nzima! Akainama, akaikunja soksi ndefu mpaka chini. Kwenye muundi wake palikuwa na jeraha la zambarau lenye pembe iliyochongoka, umbo la kona ya shaba ya droo.

Ojwang aliinama. Alilitambua. Kiwandani alikuwa ameuona muhuri ule kwenye miguu ya wanagenzi wengi, kila mmoja aliyedhani ana nguvu za kutosha. Hakuna mbuzi anayeweza kumpiga mtu muhuri ule.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa chini.

"Uliuliza kama ni mbuzi. Nikasema ndiyo. Halafu kila siku ikawa ngumu zaidi."

Ojwang alisimama wima. Aliangalia miti, akaangalia kamba, akamwangalia Lemein, ambaye patasi yake ilikuwa imesimama. "Niliuliza kama ni mbuzi," alirudia polepole. "Hata sikuuliza nini kimetokea. Mimi niliyefukuzwa kiwandani bila kuulizwa neno." Akamwendea Koko Zipporah, akavua kofia. "Mama, nimekukosea. Nimemhukumu mnyama wako na nyumba yako bila kusikiliza. Lemein, nisamehe."

Lemein aliinua mabega. "Mimi nilishasema hana mikono, Mzee."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Cindy peke yake hakucheka. Alimwendea Koko, akainamisha kichwa kama watoto wa Kimaasai wanavyofanya mbele ya wazee, na kusubiri. Hakuwa na hakika mkono wa Koko ungekuja.

Mkono ukaja. Ulikuwa mkavu na wenye joto, ukakaa utosini mwake. "Takwenya," Koko alimsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," Cindy akaitikia, machozi yakimdondoka.

"Umechelewa kusema," Koko alisema, "lakini kisu umekiwahi. Resian, mfungue mbuzi wako!"

Resian hakungoja kuambiwa mara ya pili. Kamba ilianguka, na Sidai, bila shukrani yoyote, akaanza kuila.

"Bado sijamaliza na wewe, Aketch," Ojwang alisema. "Mstari wa kwanza wa bango hutaupanga. Ataupanga Resian. Wewe utamfundisha."

Cindy alimtazama Resian. Lilikuwa jambo alilolitamani kuliko yote, na sasa limeondoka. Lakini alipotazama ndani ya moyo wake, pale palipokuwa na jiwe tangu Jumanne, hakulikuta jiwe.

"Sawa, Baba."

"Lakini, Mzee," Lemein aliuliza, "huyo Resian atapanga na nini? Si herufi zote ni githeri kwenye ndoo?"

Hilo lilikuwa kweli. Ndoo ilikuwa imejaa, na sherehe ilikuwa kesho. Ojwang alitia mkono, akatoa konzi moja, akaimimina juu ya meza. Koko akaja kutazama. Akaokota herufi moja, akaigeuza kati ya vidole, akaupapasa ule mfereji wa ubavuni. Kisha akawaita wenzake kwa Kimaasai, akionyesha ndoo kwa fimbo, na akina mama wakacheka kwa sauti kubwa.

"Amesema nini?" Cindy alimuuliza Resian.

Resian alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Amesema: kumbe ni shanga tu! Zetu tunazipanga kwa rangi, hizi tutazipanga kwa sura."

Na ndivyo karakana ilivyofunguliwa Jumamosi, si kwa hotuba, bali kwa ndoo. Miti ya uzio ilipangwa ardhini mistari mistari, ikawa viti. Akina mama walileta zile sahani bapa wanazowekea shanga, wakakaa nazo mapajani. Majirani waliokuja kutazama sherehe walijikuta wamepewa konzi ya herufi. Baba mmoja aliyezoea kulala siku nzima ya Jumamosi kwa uchovu wa safari za Nairobi aliketi kati ya watoto akitafuta herufi *k*, ulimi nje. Mama yake Cindy alipewa nukta zote, akalalamika kwamba zinamtoroka. Cindy alizunguka na kumwonyesha kila mtu mahali pa kupapasa.

"Mfereji ukae juu. Usipokaa juu, hiyo umeishika vibaya."

"Hii ni *b* ama ni *d*?" jirani aliuliza.

"Ni *d*, Baba Ezra. Imegeuka nyuma-mbele."

"Hata mimi nimegeuka nyuma-mbele! Leteni chai!"

"Nawa kwanza!" watu kumi walimpigia kelele, maana kanuni ilikuwa imekwisha enea. Sabuni ilizunguka, kisha chai. Mama mmoja alianzisha wimbo, vidole vikafuata mwendo wa wimbo, na vijumba vya droo vikajaa kimoja baada ya kingine. Ojwang alikuwa akifanya kazi haraka kuliko wote, lakini alikuwa akisimama mara kwa mara, akitazama, akijifanya kwamba ni wino uliomwingia machoni.

Jua lilipoegemea upande wa vilima vya Ngong, ndoo ilikuwa tupu. Cindy akashika upande mmoja wa droo, Resian upande wa pili. Waliibeba polepole mpaka mlangoni penye mwanga, wakicheka kwa woga, na watu wote wakawapisha kana kwamba wamebeba bibi harusi.

Resian alikishika kiganjani kibao cha chuma cha kupangia herufi. "Nianze na gani?"

"Anza kushoto, lakini herufi ziwe kichwa chini. Hivyo. Usiibane." Cindy aliweka mikono yake nyuma ya mgongo ili isimsaidie. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanga.

Ojwang akafunga maneno kwenye fremu pamoja na kibao cha mbao alichokichonga Lemein usiku uliopita, akapaka wino, akakanyaga pedali. Gurudumu likazunguka. Mashine ikaguna. Bango la kwanza likatoka, nalo lilisema:

KARAKANA YETU
NJOONI NYOTE, HAPANA UZIO

Na chini yake, katika picha ya Lemein, alisimama mbuzi mwenye masikio makubwa, karatasi mdomoni.

Vigelegele vilivyopigwa vilifika mpaka barabara ya Namanga. Bango likaanikwa kwenye kamba ili wino ukauke, na Ojwang akainua mkono kuomba kimya.

"Watoto, na wakubwa pia, nisikilizeni," alisema. "Binti yangu alisema uongo wa neno moja. Neno moja tu! Angalieni lilivyozaa: miti ya uzio, marafiki wasiosemezana, na mbuzi aliyebaki kidogo awe supu. Kosa lenyewe lilikuwa la kuangusha droo, na mmeona leo, droo iliyoanguka watu wakishirikiana huokotwa. Kwa hivyo mtu akikosea, aseme kosa lingali dogo. Na sisi wakubwa tuulize vizuri kabla ya kumtafuta wa kulaumu, maana tunayemtafuta mara nyingi huwa ni yule asiyeweza kujitetea. Mimi yalinipata, na bado nikayafanya. Sitarudia."

"Wala mimi," Cindy alisema.

"Na droo?"

"Watu wawili, Baba!"

Watu wakapiga makofi. Katikati ya makofi hayo, Resian akapiga ukelele. Wote wakageuka. Sidai alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma chini ya kamba ya kuanikia, na nusu ya bango la kwanza la Karakana Yetu ilikuwa imekwisha ingia mdomoni mwake. Alikuwa anaitafuna picha yake mwenyewe.

Ojwang alimtazama kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Haya," alisema, "mashahidi mko wengi. Leo nauliza kwanza: nini kimetokea hapa?"

"Ni mbuzi!" uwanja mzima ukajibu kwa kicheko, na Cindy, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ojwang akakanyaga pedali kuchapa lingine.